Soli za Mwalimu

Jumatatu, 3 Juni

Mto umefunguliwa leo. Bwana Kipimo, yule anayesoma kina cha maji kwenye nguzo ya darajani na kuhesabu wavuvi wanaoingia na kutoka, alipita karakanani kabla sijafungua dirisha la pili. Akasema maji ni mita moja na nusu, wavuvi ruksa. Halafu akaketi kwenye kiti cha wateja na kuimaliza chai yangu, kama kawaida yake.

Wateja sita kwa siku moja. Kila mwaka nawaambia waniletee buti mwezi wa nne, na kila mwaka wanangoja mpaka mto ufunguliwe, kisha wananitolea macho utadhani mimi ndiye niliyelala. Na kila mmoja ana swali lile lile: fundi, nitie soli gani? Nawajibu kama baba alivyokuwa akiwajibu baba zao. Mpira ni mzuri kwenye tope na majani ya ukingoni, ila kwenye mawe yenye ule utelezi wa kijani utakuangusha mchana kweupe. Mpira wenye misumari unang'ata jiwe, lakini kila hatua inapiga kelele, na samaki si viziwi. Felti, kile kitambaa kinene cha sufu iliyokandamizwa, inashika jiwe na wala haina kelele. Ubaya wake haikauki upesi, na inabeba kila kitu inachokikanyaga: mchanga, mayai ya konokono, uchafu wote wa mto.

Wa saba alikuwa mdogo wangu. Anataka felti. Felti imekwisha, na anayeniletea anasema mwisho wa Julai.

Jumanne, 4 Juni

Buti nne. Vidole vinanuka gundi. Maji mita moja na arobaini na nane.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya jambo ambalo lingemfanya baba anifukuze karakanani.

Mdogo wangu alirudi asubuhi na buti zake chini ya kwapa. Mwaka jana aliingia na mpira, akateleza, akavunjika kifundo cha mkono na kunywa maji mpaka wakamtoa kwa kamba. Nimemlea tangu ana miaka tisa, mama alipotutoka. Sina mwingine. Hoteli ya kule barabara kuu imemkubalia awe anawapelekea samaki msimu mzima, na asipoanza wiki hii watamchukua mtu mwingine.

"Nitakutilia misumari," nikamwambia.

"Dada, misumari? Niingie mtoni na sufuria miguuni?"

"Bora sufuria kuliko jeneza."

"Basi nitaingia na mpira wangu ule ule wa mwaka jana."

Namjua. Angeingia kweli. Nikamwambia aziache, arudi jioni.

Ukutani juu ya meza yangu kuna msumari, na kwenye msumari zinaning'inia buti za Mwalimu. Alikuwa akifundisha hesabu shule ya pale juu, na Jumamosi akivua. Mwaka juzi Bwana Kipimo alizikuta buti zake juu ya jiwe bapa lililo katikati ya mto, zimesimama pamoja, zimeangalia kilindi, na kamba zimefungwa mafundo mawili. Mwenyewe hakuonekana tena. Mkewe aliniletea zile buti zikiwa bado mbichi, akasema, "Fundi, zitie soli mpya. Akirudi azikute tayari." Nilimwona kama amepungukiwa na akili, lakini nikazitia felti, nzuri kabisa. Tangu siku hiyo hazijashuka pale msumarini. Kila mto unapofunguliwa anasimama mlangoni na kuuliza, "Ziko tayari?" Namjibu ziko tayari. "Basi ziache," anasema, anaondoka.

Leo nimezishusha. Nilijiambia felti ya mtu asiyekuwepo haimfai mtu, na felti mpya ikija Julai nitairudisha, hakuna atakayejua. Nikazigeuza.

Soli zilikuwa zimelika.

Nilizishona kwa mikono yangu, na hazijakanyaga hata sakafu ya karakana. Lakini pale penye kidole gumba sufu ilikuwa imesagika hadi imekuwa laini, na nilipoikamua kidogo mchanga mwembamba ulitoka, pamoja na utelezi wa kijani. Nilikaa nazo mapajani muda mrefu. Nikasema ni panya. Nikasema ni unyevu wa ukuta. Panya gani anatafuna kidole gumba tu, sijui.

Kisha nikazipasha moto, nikazibandua, nikazipiga brashi, nikazipunguza ukingo kidogo maana Mwalimu alivaa namba moja zaidi. Gundi mara mbili, nyundo, uzi wenye nta kuzunguka buti za mdogo wangu. Mdogo wangu aliporudi alifurahi mpaka akanibusu kwenye paji la uso. Za Mwalimu nimezirudisha msumarini bila soli, kisigino kimegeukia ukutani.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wa Mwalimu alisimama mlangoni.

"Ziko tayari?"

"Ziko tayari, mama."

Hakusema basi ziache. Alizitazama pale msumarini, akanitazama mimi, akaenda zake. Sikula mchana.

Jumamosi, 15 Juni

Samaki kumi na wanane. Mpishi wa hoteli ameomba kumwona huyu mvuvi kwa macho yake. Mdogo wangu amevimba kichwa, hata salamu anatoa kwa madaha. Nimecheka naye, kwa kweli. Pengine najitesa bure.

Jumatatu, 17 Juni

Maji mita moja na thelathini. Jua kali.

Jumamosi, 22 Juni

Leo nilifunga mapema nikaenda mtoni kumtazama. Mdogo wangu tangu utotoni anatembea kama anayekimbizwa. Viatu vyake humalizika kisigino kwanza. Leo nilimwona akivuka kwa namna nyingine kabisa. Ananyoosha mguu, anagusa jiwe kwa kidole gumba, anasubiri, ndipo anakanyaga. Anagusa, anasubiri, anakanyaga. Alivuka mto mzima hivyo, polepole, bila kutikisika, mpaka kwenye jiwe bapa. Hakuna mvuvi anayesimama pale siku hizi.

Alipotoka nikamuuliza nani kamfundisha kutembea vile.

"Kutembea vipi?"

"Hivyo, kwa kidole."

Akacheka. "Dada, nawe! Natembea kama kila siku. Miguu inakwenda yenyewe."

Aliinama kufungua kamba. Zilikuwa na mafundo mawili. Huyu mtoto hajawahi kufunga mafundo mawili maishani mwake; nusu ya mapigo niliyompiga alipokuwa mdogo yalikuwa ya kamba zinazoburutika.

Jumapili, 30 Juni

Bwana Kipimo amekuja na daftari lake, na leo hakugusa chai.

"Fundi, wewe una akili timamu?"

"Inategemea anayeuliza."

"Usinitanie. Tazama hapa." Akafungua ukurasa. Mkono wa kushoto wameingia, wa kulia wametoka. Ijumaa wameingia kumi na mmoja, wametoka kumi na wawili. Jumamosi tisa, wakatoka kumi. "Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Nawahesabu mmoja mmoja wakipita kwenye ngazi. Sijawahi kupata mtu wa ziada."

"Huenda mmoja aliingilia kwingine."

"Nilifikiri hivyo. Jana nikahesabu tena wakiwa wamesimama pale juu. Tisa. Nikaangalia nyayo kwenye zege." Akafunga daftari. "Nyayo za watu kumi, fundi. Za kumi zilikuwa kando ya za mdogo wako, karibu kabisa, za mtu asiye na viatu."

Nilimwambia jua limempiga. Alipoondoka nilizungusha kufuli mara mbili, saa nane mchana.

Jumanne, 9 Julai

Maji mita moja na kumi. Samaki ishirini na mmoja. Sijamwambia mdogo wangu neno.

Jumapili, 14 Julai

Mke wa Mwalimu amekuja leo, na safari hii aliingia ndani akaketi. Hajawahi kuketi hapa. Ni mwanamke nadhifu, mwenye sauti ya chini, na miaka yote hii nimekuwa nikimhurumia kama mtu anavyomhurumia kichaa mpole. Leo nilikuwa namwogopa.

"Nyumba yangu iko kwenye njia ya mtoni," akasema.

"Naijua, mama."

"Kila jioni saa kumi na moja anapita. Felti hailii, wewe unajua kuliko mimi. Lakini mimi nasikia. Anagusa, anasubiri, anakanyaga. Kuna siku nilikuwa naosha vyombo, nikatoka mbio na povu mikononi, nikamkuta mdogo wako. Akaniamkia vizuri, shikamoo. Nikamtazama miguuni."

Sikuweza kuinua kichwa. Nilijua ndiyo saa yenyewe ya kusema. Badala yake nikashika nyundo.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kukushukuru. Miaka miwili zimening'inia pale, mimi nikidhani kumngoja ndiko kumtunza. Kumbe alitaka kutembea."

"Mama, mimi niliiba."

"Najua uliiba." Akasimama, akanyoosha nguo yake. "Usizitoe kwanza. Nakuomba."

Nikamwahidi. Sijui nilimwahidi nini.

Jumamosi, 27 Julai

Felti mpya imefika, gunia zima, nyeupe, inanukia kondoo. Ahadi niliyompa mke wa Mwalimu nikaiweka kando, nikamwita mdogo wangu nikamwambia avue buti nimbadilishie soli, zimeshalika. Akazirudisha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeficha sukari.

"Hazijalika."

"Nimezitengeneza mimi. Najua felti inadumu muda gani."

"Zitazame basi."

Nilizitazama akiwa amezishika yeye, hakutaka kuziachia. Karibu miezi miwili kwenye mawe, na sufu iko vile vile nilivyoishona, haijapungua hata unywele mmoja. Nikamwambia kuwa ndiyo maana nazitaka. Akaondoka bila kuniaga. Ni mara ya kwanza, tangu mama afe, nalala akiwa amenikasirikia.

Jumatano, 14 Agosti

Mdogo wangu hajaja siku nne. Bwana Kipimo ameacha kunisomea hesabu ya wavuvi. Ananisomea ya maji tu: sentimita tisini na sita.

Jumatatu, 2 Septemba

Mawingu kule juu mto unakotoka. Huku kwetu bado vumbi. Maji mita moja kamili, yameanza kupanda.

Ijumaa, 6 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bendeji hadi begani. Nitaandika yote hata nikichukua siku nzima.

Jana saa tisa alasiri kipenga cha darajani kilipulizwa mara tatu. Maana yake maji yanakuja, tokeni. Nilikuwa na mkasi mkononi. Niliutupa, nikavaa buti zangu za baba zenye misumari, nikatia kisu cha kazi mfukoni, nikakimbia. Niliwakuta wavuvi wote wamepanda ngazi, wanatweta. Bwana Kipimo alikuwa akihesabu kwa kidole. Wameingia wanane. Wametoka saba.

Alikuwa juu ya jiwe bapa. Maji yalikuwa yameshakuwa rangi ya chai ya maziwa na yalimfika mapajani. Hakuwa akivua. Amesimama tu, amegeukia upande yanakotoka maji, na mkono mmoja ameunyoosha kidogo pembeni.

"Mwite!" Bwana Kipimo akanipigia kelele. "Tumemwita mpaka koo zimekauka!"

Mke wa Mwalimu alikuwa pale ukingoni, peku, maji yakimpiga magotini. Hakuwa akiita. Alikuwa akitazama kando ya mdogo wangu, mahali pasipo na mtu.

Wakanifunga kamba kiunoni nikaingia. Misumari ililia kwenye mawe, kwa mara ya kwanza nikaipenda sauti hiyo. Nilipomfikia nilimshika koti, nikavuta. Ni kama kuvuta mti. Macho yake yalikuwa wazi, na hakuwa na hofu hata kidogo, hilo ndilo lililonitia hofu mimi.

"Twende!"

"Ngoja, dada."

"Nitangoja nini? Maji yanapanda!"

"Ngoja kidogo."

Wala sauti haikuwa ya mtu aliyepagawa. Ilikuwa sauti ya mtu anayesubiri barabara iwe wazi avuke. Lakini mimi sikusikia hivyo jana. Nilisikia kilindi kikimwita, nikamwona akienda alikokwenda Mwalimu, kwa soli nilizomshonea mimi. Nikatoa kisu, nikapiga magoti ndani ya maji, nikapapasa mpaka nikaupata uzi.

Nilijiuliza nitakataje soli ya mtu aliyeikanyaga. Sikuhitaji kujiuliza. Aliinua mguu wa kwanza, akanipa, akangoja. Nilikata kuzunguka nikavuta, ikabanduka. Akaushusha, akainua wa pili, kwa adabu, kama mteja kwenye kiti. Mdogo wangu hakujua kwamba ameinua mguu. Nimemuuliza leo, hajui.

Soli ya pili ilipotoka niliziachia zote mbili. Maji yalikuwa yakishuka kwa nguvu za kung'oa daraja. Zile soli zilikwenda juu. Ziliupanda mto zikiwa mbili, moja mbele, nyingine ikasubiri, kisha ikaipita, kisha ya kwanza ikasubiri. Wote waliokuwa ukingoni waliziona. Zilikwenda hivyo mpaka kwenye kona, hazikuonekana tena.

Hapo hapo mdogo wangu akateleza. Miguu yote miwili kwa pamoja, kama aliyesukumwa. Nikamdaka shingoni, tukaenda wote, kamba ikakaza, na tulipokuwa katikati ya jiwe na ukingo, pale pale watu wote wanapovukia, gogo zima la mti lilikuja na maji likatupiga. Mimi bega. Yeye goti. Walituvuta tukiwa tumemeza nusu ya mto.

Kitu cha mwisho nilichokiona kabla hawajanibeba ni mke wa Mwalimu akitazama kule kwenye kona. Hakulia. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Jumapili, 8 Septemba

Mto umefungwa. Mvua imefika na huku. Mdogo wangu amelala kitandani kwangu, goti limevimba, halalamiki. Hilo si la kawaida yake.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo nimemwambia yote. Msumari, soli zilizolika ukutani, mchanga, uongo wangu mlangoni. Nilimwambia niliona kwa macho yangu kwamba haikuwa felti ya kawaida na bado nikamshonea. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

 Akageuza kiganja chake, akakitazama.

"Mimi nilidhani ni maji," akasema.

"Nini?"

"Tangu siku ya kwanza, dada. Nikiingia tu mtoni nasikia kitu kimenishika mkono. Hakinivuti. Kimenishika tu, kama wewe ulivyokuwa ukinishika tukivuka barabara. Nikitaka kukanyaga jiwe baya kinabana, nikingoja kinalegea. Nilidhani ni mkondo. Halafu nikazoea, sikutaka kukwambia, ungenicheka."

Nilisema singecheka.

"Siku ile kilibana sana. Nilitaka kutoka kipenga kilipopulizwa, nakuapia. Kikabana mpaka vidole vikafa ganzi. Nikatazama kule juu mto unakotoka, nikaliona lile gogo likija kwa mbali. Nikaelewa: ngoja lipite. Ndicho nilichokuwa nakwambia."

Nilitoka nje nikasimama mvuani. Sikuweza kulia mbele yake. Msimu mzima nimemwogopa mtu aliyekuwa akinilindia mdogo wangu, na nilipomfikia nikamkata kwa kisu, naye akaniinulia mguu nimkate vizuri.

Niliporudi alikuwa amesimama, ameshika fimbo.

"Lazima aambiwe mkewe. Na nimwambie mimi."

Ni hatua mia mbili tu mpaka kule. Tangu siku ya mto mdogo wangu anateleza: kwenye sakafu kavu, kwenye mkeka, mahali ambapo hata mlevi hatelezi. Njiani aliteleza mara tatu. Nilimshika mara tatu kwa mkono wangu mzima, bega likiniuma hadi meno.

Mke wa Mwalimu alitufungulia, akatukaribisha, akatuwekea viti. Mdogo wangu hakuketi. Alimweleza akiwa amesimama, bila kupamba, yote, na mimi nikaongeza langu. Nilimwambia, "Mama, mimi ndiye niliyemfukuza." Alikuwa akimtazama mdogo wangu tu.

"Ni mkono gani aliokushika?" akauliza.

Mdogo wangu akanyoosha wa kushoto. Aliupokea kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akaulaza shavuni, akafumba macho. Mvua ilinyesha ikaacha, ikaanza tena. Hakuuachia, na sisi hatukuuomba.